Kosa la Kusema Karibu

Kuna nchi moja ambayo sitaitaja jina, si kwa woga bali kwa adabu, maana yenyewe haipendi kutajwa na watu wanaoifahamu. Iko mbali sana na hapo ulipoketi msomaji, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Ukikuta humu jambo linalofanana na la kwenu, lawama ni za macho yako. Nchi hiyo ina bendera, ina wimbo, ina barabara nzuri ya lami inayokwenda nyumbani kwa Mkuu wa Nchi na kuishia hapo. Ina pia watu wenye tabia moja ambayo Serikali ilichelewa mno kuitafutia dawa: hawawezi kula mbele ya mpita njia bila kumwambia karibu.

Hiyo ndiyo desturi yao. Mtu ameketi barazani kwake na sahani yake, anapita mwingine, hata kama hamjui, hata kama chakula hakimtoshi mwenyewe, sharti aseme "Karibu." Na yule mpita njia, hata kama njaa inamkata utumbo, sharti ajibu "Starehe," yaani kuleni kwa raha zenu, kisha aende zake. Kwa namna hiyo kila mmoja anaonekana muungwana na chakula hakipungui. Serikali zilikuja na kuondoka, nyingine kwa kura na nyingine kwa namna nyingine, na desturi ikabaki pale pale.

Ngwali Faki, fundi magodoro wa mtaa wa Kisimani, aliishika desturi hiyo kuliko wengi, kwa sababu ya mama yake. Bi Kidawa hakuruhusu tonge la kwanza liingie mdomoni mwa mtu kabla njia haijakaribishwa. Hata kama njia ni tupu, aligeuka kuielekea na kusema karibu, ndipo akamega. Uzeeni macho yalipoingia ukungu, akawa hajui tena kama kuna anayepita au hakuna, akaona usalama ni kukaribisha kila kinachotoa sauti. Alikaribisha watu, alikaribisha mbuzi, na siku moja alilikaribisha gari la taka la manispaa, ambalo kwa mshangao wa mtaa mzima lilisimama.

Siku ya mkasa wenyewe, mama na mwana walikuwa barazani na ugali, mchicha na dagaa wa kukaanga, wote katika sahani moja. Bi Kidawa hakuwahi kula peke yake tangu azaliwe, na hakuwa na nia ya kuanza. Akapita mtu mrefu mwembamba, shati limechanika begani. Ngwali akamwambia karibu, mawazo yake yakiwa kwenye godoro la mteja. Yule mtu akasimama. Akaitazama sahani, akamtazama Ngwali, na badala ya kujibu starehe kama mtu aliyelelewa, akanawa mikono akaketi.

Ngwali hakuamini. Tangu apate akili alikuwa amekaribisha maelfu ya watu, na hakuna hata mmoja aliyemfanyia ukatili wa kukubali. Lakini Bi Kidawa alifurahi kama aliyepata mjukuu. Alimsogezea mgeni dagaa, akamuuliza jina, akaambiwa ni Mabruki. Akamuuliza amekula lini mara ya mwisho, akaambiwa juzi. Walikuwa wanalamba vidole polisi walipofika.

Mabruki alikuwa anatafutwa kwa kuiba taa ya barabarani. Taa yenyewe haikuwahi kuwaka tangu Waziri alipoizindua, na watu wa Kisimani walikwisha kuufanya mlingoti wake kuwa wa kuanikia nguo. Lakini mwendesha mashtaka alikuja kueleza vizuri sana kwamba taa isiyowaka ni taa ya Serikali vilevile, na giza lake ni mali ya umma. Kwa hiyo Mabruki akawa mhalifu. Na Ngwali, aliyekutwa na mkono wake katika sahani moja na mkono wa mhalifu, akashtakiwa kwa kosa la kushirikiana na wahalifu.

Mahakamani ile sahani ililetwa kama kielelezo, ugali wake umekauka. Mwendesha mashtaka alionyesha mashimo matatu ambayo vidole viliyachimba pembezoni. Mawili, alisema, ni madogo na ya kifamilia. La tatu ni pana na la kina, shimo la mtu asiyeheshimu mipaka. Aliomba Mahakama izingatie kwamba shimo hilo lilikuwa upande wenye dagaa wengi, jambo linaloonyesha ukaribu wa siku nyingi.

Hakimu Luhanga alilizingatia. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya redio, na alipenda kuuliza maswali ambayo majibu yake alikuwa nayo.

"Mshtakiwa," alisema, "ulimwambia mhalifu karibu. Karibu kwenye nini?"

"Kwenye ugali, Mheshimiwa."

"Leo ugali. Kesho?"

Ngwali alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Kesho huwa tunapika muhogo, Mheshimiwa."

Akajaribu kujitetea kwamba hakujua kama yule mtu ni mhalifu. Hakimu akasema huo ndio uzito wenyewe wa kosa, kwa kuwa raia mwema angemwomba mpita njia hati ya tabia njema kabla ya kumkaribisha, na akikosa kuonyesha, angekula kwa haraka zaidi. Kuhusu Bi Kidawa, Mahakama ilitumia huruma. Sheria ilisema hakuna ushirika bila kuonana, na kwa kuwa bibi haoni vizuri, alitangazwa kuwa msafi, na karani akaandika hivyo.

Ngwali alisubiri kupelekwa gerezani. Hakimu akatabasamu kama mtu anayetoa zawadi. Alisema Serikali hii tukufu haiwezi kumtia gerezani mtu mwenye udhaifu wa kushirikiana na wahalifu, kwani gerezani ndiko waliko. Badala yake atabaki nyumbani kwake chini ya Amri ya Udhibiti. Hatamsalimia mhalifu, wala mtu aliyemsalimia mhalifu, wala mtu anayeweza kuwa amemsalimia mhalifu. Kwa kuwa watu wa namna hiyo hawana alama usoni, kwa usalama wake hatamsalimia mtu yeyote. Atakula mlango ukiwa umefungwa. Hatasema karibu, wala hataitikia hodi.

"Nenda kwa amani," Hakimu alimalizia, "na usiende na mtu."

Utekelezaji ulikuwa wa Idara ya Mahusiano Safi, na afisa wake wa Kisimani aliitwa Bwana Chande. Hakuwa mtu mbaya. Ninalisema hili kwa sababu watu wa nchi ile walikuwa wakilisema kila wakati, kuhusu kila afisa, na hadi leo sijaelewa ubaya wote ule ulikuwa unafanywa na nani. Bwana Chande alitembea na mwanzi mrefu uliopakwa rangi za bendera, uitwao Mwanzi wa Umbali. Aliyesogea karibu na mtu wa Amri kuliko urefu wa mwanzi huo alihesabiwa kuwa mshirika, na naye akapata Amri yake. Mwanzi wa Kisimani ulivunjika siku Bwana Chande alipomfukuzia mbwa, ukaungwa kwa mpira wa baiskeli na kufupika, kwa hiyo uhalifu wa Kisimani ulianza karibu kidogo kuliko wa mitaa mingine.

Kila Ijumaa watu wa Amri walitakiwa kuripoti Idarani ili kuthibitisha kwamba hawakutani na watu wa namna yao. Waliripoti wote saa ileile, katika ukumbi mmoja. Idara iliiona hatari hiyo mapema, na haikuzembea: kila mtu aliketi akiutazama ukuta. Watu walipozidi kuta, kuta zikaongezwa. Shemeji yake Waziri, ambaye kwa bahati njema alikuwa anafyatua matofali, alipewa kazi hiyo, na haukupita muda ule ukumbi ukawa vichochoro vitupu, hata maafisa wenyewe wakipotea humo na kuitana. Jina likiitwa, sauti ya afisa iliuliza, "Uko na nani?" Na mtu aliujibu ukuta wake, "Sipo na mtu."

Miezi michache baadaye ile taa ya barabarani ilionekana. Ilikuwa inaning'inia sebuleni kwa Naibu Waziri, na ilikuwa inawaka. Mabruki akaachiwa kimyakimya, bila pole wala nauli. Ngwali aliposikia alifunga duka lake la magodoro akaenda mbio kwa Hakimu Luhanga, akipita katikati ya barabara ili asikaribiane na mtu. Alisema kama Mabruki si mhalifu, basi yeye hakushirikiana na mhalifu, na Amri haina mguu wa kusimamia.

Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa upole. Kisha akamweleza kwamba anachanganya mambo. Kosa lake halikuwa kwamba Mabruki ni mhalifu. Kosa lake ni kwamba alikula na Mabruki wakati Serikali inaamini kuwa ni mhalifu, na imani ya Serikali wakati ule ilikuwa ya kweli kabisa. Isitoshe, kwa kujitokeza kumtetea Mabruki, alikuwa ameonyesha kwamba ushirika wao bado uko hai.

Akarudi nyumbani na Amri yake, na sharti moja jipya juu yake.

Sharti hilo jipya lilimhusu Bi Kidawa. Wataalamu wa Idara walikuwa wamekaa wakagundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yao muda wote: bibi aliyetangazwa msafi na Mahakama alikuwa anaishi chumba kwa chumba na mtu mwenye hatia ya ushirika. Ama bibi naye apewe Amri, ama aondolewe kwa ulinzi wake hadi Nyumba ya Jamaa Wasafi, ng'ambo ya mji. Bwana Chande alipoleta habari hizo, Ngwali alipiga magoti kwenye vumbi, umbali wa mwanzi mmoja. Alisema achukuliwe yeye. Alisema atalala dukani, ndani ya pamba. Bwana Chande akasema kwa huzuni ya kweli kwamba kanuni haikulifikiria duka.

Asubuhi ya kuondoka, Bi Kidawa alikaa katika gari la Idara na kanga zake mbili, uso ameuelekeza kwenye sauti.

"Huko mnakula vipi?" alimuuliza Bwana Chande.

"Vizuri sana, mama. Kila mtu na chumba chake, chakula kinaletwa mlangoni. Jumapili kuna nyama."

"Nakula na nani?"

Bwana Chande aliugeuza mwanzi mkononi. Akasema wazee wanakula mmoja mmoja, ndiyo maana wote ni wasafi.

Bi Kidawa akamwita mwanawe. "Ngwali, baba. Mimi peke yangu hakishuki, unajua. Nitajaribu. Nikishindwa nitarudi, miguu bado ninayo. Nikipiga hodi usiniache mlangoni."

"Siwezi kukuacha mlangoni, mama," alisema Ngwali, na gari likaondoka.

Alilia siku ile bila kujificha, akiwa amesimama katikati ya njia, na majirani walimtazama kupitia matundu ya madirisha. Hakuna aliyetoka. Usiwaone wabaya, kila mmoja alikuwa na mama yake ndani.

Kuanzia hapo Ngwali akawa na kazi moja duniani, nayo ni kutii. Bwana Chande alikuwa amemnong'oneza kwamba mtu wa Amri akishinda majaribio yote ya Idara, Amri inafutwa na jamaa yake anarudishwa nyumbani. Basi Ngwali akatii kama wengine wanavyoswali. Alifunga mlango na dirisha kabla ya kula. Tonge la kwanza lilimkaba kila siku, kwa kuwa halikuwahi kushuka bila neno lile, hivyo akazoea kuisemesha njia moyoni tu. Hata hilo lilimtia wasiwasi, akaenda kumweleza Bwana Chande. Bwana Chande alisema kanuni ziko kimya juu ya karibu ya moyoni, lakini atawauliza wakubwa.

Majaribio yenyewe yaliendeshwa na Kitengo cha Hodi. Jumba la michezo ya kuigiza la nchi ile lilikuwa limegeuzwa ghala la picha za Mkuu wa Nchi, na waigizaji wakawa hawana kazi. Serikali, ambayo haiachi kipaji kipotee, iliwaajiri wapite kwenye milango ya watu wa Amri na kupiga hodi kwa sauti za watu wanaowapenda. Walikuwa hodari mno. Walikwenda kuwasikiliza jamaa kwa siku nyingi, wakajifunza kikohozi, kicheko, jinsi mtu anavyovuta kandambili zake akikaribia mlango.

Ngwali alijifunza uhodari wao kutoka kwa Mzee Pandu, ambaye alipata Amri kwa kumuuzia baiskeli mtu aliyeitumia kukimbia polisi. Hawakuongea, Mungu apishe mbali. Mzee Pandu alikuwa anausimulia ukuta wake, na Ngwali alitokea kuwa ng'ambo ya ukuta huo. Mzee alisema alipigiwa hodi na mkewe, aliyemkimbia zamani akaenda bara. Alipofungua akakuta kijana mwenye masharubu anaandika kitu kwenye karatasi. Amri yake ikaongezwa muda.

"Nilijua si yeye," Mzee Pandu aliuambia ukuta. "Mke wangu hawezi kurudi. Lakini aliniita jina langu kama alivyokuwa akiniita yeye. Nikasema acha nifungue tu."

Ngwali hakutaka kuwa kama Mzee Pandu. Ilipokuja sauti ya kipofu anayeomba maji, aliketi kimya. Ilipokuja sauti ya rafiki yake wa utotoni anayesema amevunjika mguu, alijifunika mto masikioni. Baada ya hapo Bwana Chande alipita, akasimama urefu wa mwanzi, akasema bila kumtazama kwamba limebaki la mwisho tu. Alimshauri ajikaze, kwani la mwisho huwa gumu. Ngwali alielewa ni sauti ya nani itakayokuja. Akaanza kujiandaa. Jioni alijikumbusha kwa sauti: mama yuko ng'ambo ya mji, ana ukungu machoni, njia haijui, hawezi kufika hapa; atakayesema ni mama, si mama.

Ikafika. Ilikuwa mchana, jua la utosi, na mtaa umefunga milango kwa ajili ya chakula. Ngwali alikuwa na ugali na dagaa mbele yake, mlango umetiwa komeo. Kwanza alizisikia kandambili, moja inaburuzwa zaidi ya nyingine. Halafu ile pumzi ya mtu anayepanda baraza kwa kushika ukuta.

"Hodi."

Mkono wa Ngwali ulisimama juu ya sahani. Alishangaa jinsi walivyoipata ile sauti. Ilikuwa yenyewe, imechoka kidogo, na kule mwisho inapandishwa kama inavyopandishwa na mtu asiyeona kama kuna mtu ndani.

"Hodi. Ngwali, baba, ni mimi."

Alikamata ukingo wa mkeka. Machozi yalimtoka na akayaacha yatoke, kwa vile kanuni hazikukataza machozi. Akili ilimwambia ukifungua umempoteza. Moyo ulimwambia jambo jingine, akaupinga kwa nguvu zote, akauambia subiri, ukisubiri kidogo tu utampata wa kweli, utakaa naye hapa hapa, sahani moja. Alijitia shati mdomoni akauma.

Nje kulikuwa kimya. Mtu alikuwa anavuta hewa, kama anayenusa dagaa.

"Hodi," ilisema ile sauti mara ya tatu, chini kabisa. Na ilipokosa jibu, kwa kuwa hodi haipigwi zaidi ya hapo, ikasema, "Haya, mnakula. Starehe, mwanangu."

Kandambili zikashuka baraza, zikaenda.

Ngwali alilitoa shati mdomoni. Kisha ikamjia furaha ambayo hakuwa ameionja tangu gari la Idara liondoke. Alikuwa ameshinda. Alikumbuka lile neno la mwisho, starehe, akatikisa kichwa kwa kuwasifu. Wale wengine walikuwa wakilia na kulaani wakikosa kufunguliwa, huyu amejifunza hadi adabu za mama yake. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akasikia njaa. Akala, akamaliza sahani yote. Alasiri alitoa godoro la mama yake, akalifumua, akalijaza sufi mpya.

Asubuhi Bwana Chande alikuja. Alikuwa amevaa koti, na alisogea hadi barazani, ndani ya umbali wa mwanzi.

"Ndugu Ngwali, nimetumwa nikupongeze."

"Mama anarudi lini?" alisema Ngwali.

Bwana Chande aliuhamisha mwanzi kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akaurudisha. "Lile jaribio la mwisho," alisema, "tulikuwa bado hatujalileta. Mwigizaji wa sauti ya mama yako ana mafua tangu wiki iliyopita."

Ngwali alimtazama.

Basi Bwana Chande akaeleza, kwa lugha ya Idara, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Bibi alikataa chakula katika Nyumba ya Jamaa Wasafi, si kwa ubishi. Alikuwa anakaa nacho mlangoni na kuukaribisha ukumbi, na ukumbi haukuwa na mtu. Juzi alitoka wakati wa kufagia, akavuka mji kwa kuuliza na kupapasa. Jana mchana mtumishi wa Idara anayekaa dirisha la ng'ambo ya njia alimwona akipiga hodi, na akaona mlango haukufunguliwa. Kutoka hapo bibi alikwenda mpaka kwenye bomba la mtaa, akanawa mikono, akaketi akaegemea ukuta. Alikaa hapo mpaka alasiri. Watu wengi walimwona kupitia madirishani, lakini alikuwa ametoka kwenye mlango wa mtu wa Amri, na mwanzi unajulikana.

"Hakuna aliyeshirikiana naye," alisema Bwana Chande, akidhani anampa faraja. "Amekufa akiwa msafi. Nyumba ya Jamaa ilimzika jana hiyo hiyo, kwenye makaburi ya wasafi. Wakubwa wamekaa, wameona kwamba jaribio ulilolishinda ni kubwa kuliko lile letu. Amri imefutwa."

Bwana Chande aliweka mkono begani kwa Ngwali. Ulikuwa mkono wa kwanza kumgusa tangu siku ya sahani, na ulikuwa na jasho.

Sherehe ilifanyika Ijumaa, katika ukumbi wa kuta, na watu wa Amri waliisikiliza wakiwa wamezipa migongo meza za wageni. Hakimu Luhanga alihutubia muda mrefu. Alisema taifa letu lilikuwa limeanza kukata tamaa ya kupata raia mmoja aliyetii kikamilifu, na sasa amepatikana, tena fundi magodoro. Alisema wapo waliofungua kwa ajili ya mke, wapo waliofungua kwa ajili ya mtoto, na angalieni huyu. Kijana mwenye masharubu kutoka Kitengo cha Hodi alionekana akijipangusa macho. Ngwali alivishwa utepe wa rangi za bendera, kisha Hakimu, kwa utani wa kiserikali, akamuuliza swali la kila Ijumaa kwa mara ya mwisho.

"Ngwali Faki, uko na nani?"

"Sipo na mtu," alisema Ngwali.

Ukumbi ukapiga makofi, wageni kwa hiari na wengine wakiutazama ukuta.

Alirudi Kisimani. Aliacha mlango wazi, dirisha wazi, akapika ugali na dagaa, akaketi barazani na sahani moja. Watu walipita upande wa pili wa njia. Alifungua mdomo kuwakaribisha, na kila alipoufungua alikuta hauna kitu ndani. Alikaa hivyo mpaka chakula kikapoa.

Ndipo akaja mtu mrefu mwembamba, shati limeshonwa begani kwa uzi wa rangi nyingine. Mabruki alikuwa amesikia msiba kwa wapagazi wa sokoni, na katika mji ule wote ni yeye peke yake aliyeona kwamba kuna mtu wa kupewa pole. Alivuka njia, akasimama chini ya baraza, akaitazama ile sahani. Uso wake ulionyesha wazi kwamba hajala.

"Hodi, Bwana Ngwali," alisema. "Bibi alinisogezea dagaa mimi."

Ngwali alimjua. Alitaka kumwambia karibu. Aliitafuta karibu kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, akaihisi iko, iko karibu kabisa na ulimi, mama yake ameisema maelfu ya mara pale pale alipoketi. Akafungua mdomo.

"Sipo na mtu," alisema.

Mabruki alingoja kidogo, kwa maana njaa humfundisha mtu kungoja. Akaona machozi yanamshuka Ngwali mpaka kwenye utepe, na mkono wake umeelekea kwenye sahani, umesimama hewani, haujui kama unakaribisha au unazuia. Kisha yule mtu, ambaye maishani mwake hakuwahi kukataa chakula cha mtu, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Starehe, Bwana Ngwali," alisema, akaenda zake.